Maswali ya Wasomaji: Mvutano na Mgandamizo Katika Daraja la Kenchi

SWALI: Mheshimiwa mhariri, mimi ni mwanafunzi wa ujenzi katika chuo cha ufundi hapa Mbale. Tumepewa kazi ya kubuni daraja la kenchi (fremu ya vyuma vilivyounganishwa kwa pembetatu) la chuma kwa waenda kwa miguu, lenye urefu wa mita 12, juu ya mto unaoshuka kutoka Mlima Elgon. Mwalimu anataka kila kikundi kieleze jinsi kilivyopunguza mvutano na mgandamizo ndani ya vyuma. Wenzangu wanasema tuongeze mishazari mingi, yaani vyuma vilivyolala kwa pembe, kwa kuwa vyuma vikiwa vingi kila kimoja kitabeba kidogo. Mimi sijaridhika. Tuanzie wapi? — Mwanafunzi, Mbale

JIBU: Una sababu ya kutoridhika. Mzigo ulio juu ya daraja haupungui kwa ustadi wa mchoro. Utashuka wote hadi kwenye maegemeo mawili ya ukingoni, mchore mnavyochora. Mchoro hubadilisha njia ambayo mzigo huo unapita na ukubwa wa kani zinazozaliwa njiani. Kwa hiyo anzeni na hesabu ya mzigo, kisha ndipo mtafute njia iliyo nafuu.

Tuseme daraja lenu lina upana wa mita 1.5. Umati uliosongamana, kama ule wa siku ya soko, wahandisi huuhesabu kwa kilonyutoni 5 kwa kila mita ya mraba, yaani takriban kilo 500. Sakafu yenu ina mita za mraba 18, hivyo umati ni kilonyutoni 90. Uzito wa daraja lenyewe, pamoja na sakafu na vishikio vyake, tuukadirie kuwa 30. Jumla ni 120, na kwa kuwa kenchi ni mbili, kila moja inabeba 60 na kuukabidhi kila ukingo 30. Hizi ni takwimu ambazo bado hazijazidishwa kwa vigawo vya usalama, ambavyo mwalimu wenu atavidai, na ana haki ya kuvidai.

Sasa igawanyeni kenchi katika paneli 6, yaani sehemu za kati ya kiungo na kiungo, za mita 2 kila moja, na mihimili ya sakafu ikae kwenye viungo peke yake. Sharti hili la mwisho hupuuzwa sana. Mzigo ukitua katikati ya chuma badala ya kutua kwenye kiungo, chuma hicho hupinda, na faida ya kenchi, ambayo ni kila chuma kuvutwa au kusukumwa moja kwa moja kutoka ncha hadi ncha, inapotea. Mkilizingatia, kila kiungo cha ndani cha boriti ya chini (chuma kirefu cha chini cha kenchi) kitapokea kilonyutoni 10, na vile viwili vya mwisho vitapokea 5 kila kimoja.

Uamuzi wenye uzito kuliko yote unaofuata ni kimo cha kenchi. Momenti (uwezo wa mzigo kulipinda daraja) katikati ya daraja hili ni kilonyutoni-mita 90, na haijali mmechagua muundo gani. Boriti ya juu inagandamizwa, boriti ya chini inavutwa, na ni jozi hiyo inayoikabili momenti. Kwa hiyo mkigawanya 90 kwa kimo mnapata mgandamizo mkubwa kabisa wa boriti ya juu. Kenchi yenye kimo cha mita 1 itakuwa na mgandamizo wa kilonyutoni 90, ya mita 1.5 itakuwa na 60, na ya mita 2 itakuwa na 45. Mvutano wa boriti ya chini hufuata mkondo huohuo, ukiwa chini kidogo. Sijui mbinu nyingine inayotoa punguzo kubwa kiasi hicho kwa chuma kidogo kiasi hicho.

Kimo huinua pia pembe ya mishazari. Katika paneli ya mwisho kani mkato (kani ya wima inayopita katika paneli) ni 25, yaani 30 za egemeo ukitoa 5 zinazotua papo hapo, na ni mshazari wa mwisho unaopaswa kuipokea. Ukiwa umelala kwa nyuzi 27, kama ilivyo katika kenchi ya mita 1, mshazari huo unabeba karibu 56. Kimo kikiwa mita 1.5, mnapata ile pembetatu ya 3, 4 na 5 ya darasani, mshazari una urefu wa mita 2.5 kamili, na kani yake ni karibu 42. Kimo kikiwa mita 2, pembe ni nyuzi 45 na kani ni karibu 35.

Hapa vikundi vingi hufurahi na kuendelea kupandisha kimo, na hapa ningewaomba mtulie. Pandisheni hadi mita 3. Kani ya mshazari wa mwisho inashuka kutoka 35 hadi 30, lakini urefu wake umetoka mita 2.8 hadi mita 3.6. Mshazari huo unagandamizwa, na chuma kirefu chembamba kinachogandamizwa hakiharibiki kwa kupondwa. Hubenuka ubavuni, kama ufito wa mwanzi unaousukuma kwenye ncha zake. Leonhard Euler alionyesha katika karne ya 18 kwamba mzigo wa kukibenua chuma cha namna hiyo hupungua kwa kipeo cha pili cha urefu wake: ukirefusha mara mbili, uwezo unabaki robo. Katika mfano wetu kani imepungua kwa asilimia 15, ilhali uwezo wa mshazari kuikabili umepungua kwa karibu asilimia 38. Kani imepungua na daraja limedhoofika. Ndiyo maana ningetaka ripoti yenu iandike, kando ya kila kani, uwezo wa chuma kinachoibeba, maana safu ya kani peke yake inaweza kumdanganya hata mtu makini. Kwa mita 12 mimi ningechagua kimo cha mita 1.5, ambacho ni sehemu moja ya nane ya urefu.

Baada ya kimo, amueni mishazari ielekee wapi. Mwaka 1844 Thomas Pratt na baba yake Caleb, wote wa Marekani, walipata hataza ya kenchi ambayo mishazari yake ya ndani huanzia juu upande wa ukingo na kushuka kuelekea katikati. Kwa mpangilio huo mishazari ya ndani, ambayo ni mirefu, huvutwa, na vyuma vya wima vilivyo baina yake, ambavyo ni vifupi, hugandamizwa. Chuma kinachovutwa hakibenuki, kwa hiyo kinaweza kuwa chembamba bila hatari. Isipokuwa ile miwili ya mwisho kabisa inayoegemea ukingoni. Hiyo hugandamizwa, nayo haikwepeki, basi ipeni chuma kinene.

Mkihesabu kiungo kimoja kimoja mtakutana na jambo litakalowashangaza: chuma cha wima cha katikati kabisa, sakafu ikiwa chini, kina kani sifuri. Kila mwaka kuna mwanafunzi mwerevu anayekiondoa ili kupunguza uzito. Msikiondoe. Kinagawanya boriti ya juu, ambayo pale katikati ina mgandamizo wa kilonyutoni 60, katika vipande viwili vya mita 2. Kikiondoka, boriti inabaki kipande kimoja cha mita 4, na uwezo wake wa kutobenuka kwenda juu au chini unashuka hadi robo. Hakibebi chochote, lakini kinamshikilia anayebeba.

Kuhusu mishazari ya ziada ya wenzako, hesabuni viungo vyenu: 7 chini na 5 juu, jumla 12. Kanuni ya kenchi iliyokamilika ni viungo mara mbili, ukitoa 3, yaani vyuma 21. Vyenu ni 6 vya chini, 4 vya juu, 5 vya wima na mishazari 6, navyo ni 21 barabara. Chuma cha 22 hakiji kugawana mzigo sawasawa na wenzake. Kitachukua kadiri ya ugumu wake, kitaongeza uzito, na kama kimekatwa kifupi kwa milimita chache kisha kikavutwa kwa nguvu ili kifike kwenye kiungo, kitaingiza mvutano ambao haukuwamo kabla ya mtu yeyote kukanyaga daraja.

Kuna paneli mbili tu ambamo ningekubali mjadala wa mshazari wa ziada, nazo ni zile za katikati. Umati ukijaa daraja zima, mshazari wa pale unavutwa kwa kilonyutoni 8 hivi tu, na mwanafunzi huandika namba hiyo akaenda zake. Lakini watu hawajai daraja kwa mpangilio. Ng'ombe wakiingia kutoka upande mmoja na kusimama kabla ya kufika katikati, wakawa wameelemea viungo viwili vya kwanza peke yake, kani mkato katika paneli ya tatu inageuka, na mshazari uliokuwa unavutwa unagandamizwa kwa kilonyutoni 4. Wakiwa wamejaa kuanzia katikati hadi ng'ambo, mshazari uleule unavutwa kwa karibu 15. Kwa hiyo mzigo mkubwa kuliko yote sio ulio mbaya kuliko yote kwa kila chuma. Wekeni pale chuma kinachoweza kuvutwa na kugandamizwa pia, au muweke mishazari miwili inayopishana.

Msisahau viungo. Katika mchoro mistari ya katikati ya vyuma vyote vinavyokutana ikutane kwenye nukta moja, la sivyo kiungo kinajizungusha na kuvipinda vyuma vilivyokuwa salama. Mabamba ya viungo nayo yanahitaji hesabu yake. Tarehe 1 Agosti 2007 daraja la kenchi la barabara kuu ya I-35W mjini Minneapolis lilianguka na kuua watu 13. Wachunguzi walikuta kwamba baadhi ya mabamba ya viungo yalikuwa na unene wa nusu inchi, yaani nusu ya ule uliohitajika, kwa kosa la usanifu.

Mwisho, acheni egemeo moja liweze kuteleza. Chuma cha mita 12 hurefuka kwa milimita 4 hivi joto likipanda kwa nyuzi 30, na mkikifunga pande zote mbili kwenye zege lisilosogea hata kidogo, kitajijengea mgandamizo wa takriban megapaskali 70, zaidi ya robo ya kile ambacho chuma cha kawaida kinastahimili kabla ya kulegea. Bamba lenye tundu refu la bolti linatosha kwa daraja la ukubwa huu.

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea mjini Arua. Kikundi chetu kilitengeneza daraja la miguu la mita 15 lenye kenchi mbili za pembeni za kimo cha mita 1.2, bila kitu juu kwa kuwa watu hupita katikati. Boriti ya chini imenyooka, lakini boriti ya juu ya upande mmoja imeanza kujipinda kwenda nje, halafu ndani. Hakuna mshono uliofunguka. Tumeshauriwa tuongeze mishazari. Itasaidia? — Fundi, Arua

JIBU: Haitasaidia, fundi wangu, na nakuomba kabla ya kusoma zaidi uzuie pikipiki na makundi ya watu wasipite hapo mpaka limetazamwa na mhandisi aliyesajiliwa. Mwaka 1907 huko Québec, Kanada, mafundi waliona vyuma vya mgandamizo vya daraja kubwa lililokuwa likijengwa vikijipinda kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Kazi haikusimamishwa kwa wakati, na tarehe 29 Agosti daraja likaanguka na kuua wafanyakazi 75. Huko nako vyuma vilianza kupinda kabla ya kukatika.

Unachokiona ni kubenuka ubavuni. Mishazari ya kenchi imelala katika bapa lilelile la boriti ya juu, kwa hiyo inaizuia kwenda juu na chini, wala haina la kufanya ikielekea pembeni. Ukivuka Nile pale Pakwach utaona jinsi daraja kubwa linavyolitatua jambo hili: kenchi ni ndefu kwenda juu, magari hupita ndani yake, na vyuma vya juu huunganisha kenchi ya kushoto na ya kulia ili zisiegemee upande. Daraja lenu ni fupi mno kwa kimo kuwekewa vyuma juu. Vitagonga watu vifuani.

Kinachoweza kuishika boriti yenu ya juu ni vyuma vya wima, na vitaishika endapo tu vimeshikwa barabara na mihimili ya sakafu huko chini, hadi mhimili mmoja na wima zake mbili ziwe fremu moja ngumu yenye umbo la herufi U. Nadhani ukilala chini ya daraja na kutazama utakuta wima zenu zimechomelewa kwenye boriti ya chini, na mihimili ya sakafu imewekwa juu yake kwa mshono mdogo au bolti moja tu. Hapo fremu haipo. Kila wima inasimama kama kigingi kwenye udongo laini.

Tiba iliyozoeleka ni kurefusha mihimili ya sakafu nje ya kenchi, kwa nusu mita hivi, na kuchomelea chuma cha kuegemeza kutoka ncha hiyo hadi karibu na kiungo cha boriti ya juu. Fanyeni hivyo kwenye kila wima kama mnaweza, wala msiruke. Kama boriti ya juu ni chuma bapa au chuma cha pembe kimoja, ni afadhali ibadilishwe iwe bomba la mraba, kwa sababu chuma bapa kina ugumu mzuri upande mmoja na karibu hakina upande wa pili, na kubenuka hutafuta siku zote upande ulio dhaifu. Tazameni pia kama chini ya sakafu kuna vyuma vinavyopishana vya kuzuia upepo na mtikisiko. Bila hivyo daraja zima litacheza kushoto na kulia hata boriti zikiwa nzima.

Jambo moja usilifanye: usiipashe moto boriti iliyopinda na kuinyoosha kwa nyundo ikiwa daraja bado limesimama juu ya mto. Wakati wa moto chuma hulegea, na ni chuma hichohicho kinachoshikilia daraja muda huo. Wekeni magogo au jeki za kulibeba kutoka chini, muondoe mzigo, mkate kipande kilichopinda na kuweka kipya.

Huenda utauliza kama kimo cha mita 1.2 kilikuwa kidogo. Kwa mita 15 ni sehemu moja ya kumi na mbili na nusu, na ndiyo, mgandamizo wa boriti ya juu ni mkubwa kuliko ulivyohitaji kuwa. Lakini singelibomoa daraja kwa sababu hiyo. Mshikeni vizuri huyo wa juu kwanza.

SWALI: Sisi ni wakulima wa viazi karibu na Kabale. Tunataka kivuko cha mita 8 cha magogo ya mikaratusi, kwa kuwa miti tunayo na chuma ni ghali. Fundi wetu ameona daraja la chuma ambalo mishazari yake inashuka kuelekea katikati, naye anataka kuliiga kwa magogo. Tumruhusu? — Katibu wa kikundi, Kabale

JIBU: Mwombeni aigeuze mishazari. Muundo aliouona ni mzuri kwa chuma kwa sababu mishazari yake inavutwa. Gogo lenyewe linaweza kuvutwa sana bila kukatika, lakini ncha zake haziwezi kushikwa ipasavyo: bolti hupasua nyuzi za mti muda mrefu kabla gogo halijachoka. Likigandamizwa, gogo halihitaji bolti nyingi. Linaegemea tu mwenzake kwa uso uliokatwa vizuri.

William Howe wa Marekani alilitumia hilo mwaka 1840. Katika kenchi yake mishazari ya mbao hupanda kutoka upande wa ukingo kuelekea katikati, nayo inagandamizwa, na vyuma vya wima ni nondo za duara zinazovutwa, zilizokatwa nyuzi za nati kwenye ncha. Kwa mita 8, gawanyeni katika paneli 4 za mita 2 na mtahitaji nondo 3 tu kila upande, sita kwa daraja zima, pamoja na nati na washa pana zisizozama ndani ya mti. Chuma chote mtakachonunua kinaweza kubebwa kwa boda boda.

Boriti ya chini ndiyo ya kuangaliwa zaidi, maana hiyo itavutwa mpende msipende. Mikaratusi hutoa gogo lililonyooka la zaidi ya mita 8, basi tumieni gogo moja zima bila kuunga, lisilo na mpasuko wala fundo kubwa karibu na katikati. Mti uchunwe gome na ukauke kabla ya kazi, uwekewe dawa ya mchwa, na ncha zake zikae juu ya jiwe au zege ambapo hewa inapita, zisifukiwe udongoni. Hata ukikauka vizuri utaendelea kunywea, nati zitalegea, na mishazari itaanza kucheza kwenye viegemeo vyake. Mtu mmoja apewe spana na ajukumiwe kuzikaza baada ya miezi ya kwanza, kisha kila baada ya masika.

Na mpime alama ya juu kabisa ambayo maji yamewahi kufika, kwa kuwauliza wazee wanaoishi kando ya mto huo, kisha muweke boriti ya chini juu yake kwa nafasi inayotosha gogo linaloelea kupita. Hesabu zote za mvutano tulizofanya zinachukulia kwamba boriti hiyo inavutwa kwa urefu wake. Hakuna aliyehesabu igongwe ubavuni na mti ulioletwa na mafuriko.